Filipo Alipanda Garini, Kisha Akaondoka

Hotuba hii niliitoa Kisumu mbele ya makatekista, wasomaji na viongozi wa jumuiya ndogo ndogo. Wenzetu wengi wa upande wa Nyando walizuiwa na mvua, wakaomba wapate kila kilichosemwa. Nimeiandika jinsi nilivyoisema.

Tumsifu Yesu Kristu!

Baba Paroko, masista, makatekista wenzangu, mama zangu wa jumuiya, na nyinyi vijana mliojipanga karibu na mlango, asanteni kwa kuja. Najua kuna aliyeacha palizi shambani, na kuna aliyemwachia jirani kibanda chake pale soko la Kibuye. Mungu awarudishie.

Naomba kuanza na swali. Nani kati yetu amesoma tafakari ya siku kwenye simu yake leo asubuhi? Inueni mikono. Naona mikono mingi, hata mzee wangu pale nyuma. Haya, shusheni. Sasa nani amesoma somo lenyewe, lile ambalo tafakari iliandikwa kwa ajili yake?

Mnaona? Mikono imepungua. Sikuuliza ili nimwaibishe mtu. Kwa miaka mingi mkono wangu mimi mwenyewe ungebaki chini, na nilikuwa mwalimu wa dini muda huo wote. Kila alfajiri simu ililia, kikundi cha WhatsApp kikaleta tafakari, nikaisoma nikiwa bado kitandani, nikasema amina, nikaituma kwenye kikundi kingine. Biblia ilikuwa juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cha kufumwa.

Sikuja kuzisema vibaya tafakari. Nazipenda, tena zimenilea. Katekista wa kigango, kanisa dogo lililo mbali na parokia, hana maktaba. Hana vitabu vya ufafanuzi. Padri anafika mara moja kwa mwezi, pengine mara mbili, na Jumapili zilizobaki watu wanakutazama wewe. Tunajua kwamba mahubiri ndani ya Misa ni kazi ya padri au shemasi. Lakini ibada ya Neno ni yetu, matanga ni yetu, jumuiya ya siku ya Alhamisi ni yetu. Mtu akikuandikia ukurasa mmoja wa kukusaidia kuelewa Injili, huyo amekupa maji njiani. Nilichokuja kusema leo kinahusu mahali pa tafakari. Ikae wapi? Itangulie au ifuate? Na ikishamaliza kazi yake, iende wapi?

Nimepata jibu katika Matendo ya Mitume sura ya 8, lile somo tunalolisikia Alhamisi ya juma la tatu la Pasaka. Mnakikumbuka kisa. Towashi wa Ethiopia, yaani mwanamume aliyehasiwa, mtunza hazina wa malkia Kandake, ametoka Yerusalemu kuabudu. Anarudi kwao kwa njia ya Gaza, ameketi garini, anasoma Isaya. Roho anamwambia Filipo asogee karibu na gari. Filipo anakwenda mbio, anamsikia akisoma, anamuuliza, "Je! Yamekuelea haya unayosoma?" Sikieni Kiswahili hicho cha Biblia ya Union Version ya mwaka 1952. Yamekuelea! Sisi watu wa ziwani tunalijua neno la namna hiyo, maana mtumbwi nao huelea. Naye towashi anajibu, "Nitawezaje kuelewa, mtu asiponiongoza?"

Tukifika hapo tunafurahi, tunasema, unaona, mtu huhitaji kuongozwa. Ni kweli. Lakini rudini nyuma kidogo. Filipo alimkuta akifanya nini? Alimkuta akisoma. Hakumkuta akimsubiri Filipo. Alikuwa amekwisha kukifungua chuo, yaani kitabu cha nabii, amekwisha kufika mahali panapomsumbua, pale pa kondoo anayepelekwa machinjoni, na swali alikuwa nalo tayari mdomoni: nabii asema maneno haya kwa habari za nani? Filipo alianzia pale pale penye swali la msomaji. Je, kama towashi asingekuwa na swali, Filipo angeanzia wapi?

Sasa tazameni mwisho wa kisa. Wakapanda kutoka majini, Roho wa Bwana akamnyakua Filipo, towashi asimwone tena. Je, alilia? Alimtafuta? Maandiko yanasema alikwenda zake akifurahi. Filipo alipanda garini, kisha akaondoka, na chuo kikabaki mikononi mwa mwenyewe.

Ndugu zangu, tafakari ni Filipo. Inakukuta ukisoma. Inajibu swali lako. Halafu inaondoka.

Niongeze jambo moja ambalo hakuna tafakari iliyowahi kunionyesha. Nilikutana nalo siku niliyoamua kuendelea kusoma Isaya pale towashi alipoishia. Ile habari ya kondoo iko sura ya 53. Endelea sura tatu tu mbele. Sura ya 56 mstari wa 3 inasema, "wala towashi asiseme, Mimi ni mti mkavu." Na inafuata ahadi kwamba Mungu atampa jina lililo bora kuliko wana na binti. Fikirini mtu yule! Torati, Kumbukumbu sura ya 23, ilikuwa imemfungia mtu wa hali yake mlango wa kusanyiko. Amesafiri njia yote ile kwenda kuabudu. Na katika chuo kilekile alichokishika, mbele kidogo tu, yeye mwenyewe ametajwa, na ametajwa kwa wema. Nilipoliona hilo nilikuwa jikoni usiku, taa ya sola inafifia. Nilisimama. Nilimwamsha mke wangu nimsomee. Hakuna tafakari ya kutumiwa iliyowahi kunifanya nimwamshe mtu.

Sasa niwasimulie siku niliyotanguliza tafakari nikaliacha somo.

Ilikuwa Jumapili ya 5 ya Mwaka C katika mzunguko wa masomo ya Kanisa, Luka sura ya 5, Petro na nyavu. Kigango chetu kiko ufuoni, ukitoka mlangoni unaona mitumbwi. Wiki hiyo nilikuwa na shughuli. Jumamosi usiku nikapata tafakari nzuri kwenye simu, imeandikwa na mtu wa ng'ambo, nikainakili kwenye karatasi kama ilivyo. Ilianza na kisa cha mtu aliyekwama na gari lake kwenye theluji. Nikasimama mbele ya wavuvi na wake zao, mbele ya akina mama ambao mikono yao inanuka omena, dagaa wa ziwa letu, tangu alfajiri, nikawaeleza theluji. Dakika 25. Watoto walilala.

Baada ya ibada mama mmoja, mwanikaji wa omena, akaja polepole. Akanisalimia vizuri. Akasema, "Mwalimu, ile theluji ilikuwa ya wapi?" Nikamwambia ni ya Ulaya. Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Pale panaposema walikuwa wakiosha nyavu zao, mbona hukupagusa?"

Nikamuuliza pana nini. Akanieleza. Akasema wavu ukishaoshwa kazi imekwisha. Mwanamume amekesha, nguo zimelowa, anataka uji na mkeka. Na kama ni usiku wa mbalamwezi, omena hawaji kwenye taa, mtumbwi unarudi mtupu, na mwenye taa bado anadai hesabu yake. Katika hali hiyo umwambie mtu ashushe tena wavu? Akasema, "Mwalimu, hapo hajaambiwa kuvua tu. Ameambiwa auchafue wavu aliouosha, na atauosha tena, hata kama hakupata kitu."

Ndugu zangu, niliisoma Luka 5 mara ngapi maishani mwangu? Mstari wa 2 uko pale pale: walikuwa wakiosha nyavu zao. Nilikuwa nikiuruka kila mara ili niwahi samaki wengi. Na baadaye, nilipofungua kitabu cha ufafanuzi alichoniazima padri, nikakuta jambo linalokubaliana naye: nyavu za zamani zilikuwa za kitani, zisipooshwa na kukaushwa zinaoza. Ufafanuzi ulimthibitisha mama wa omena. Lakini aliyeuona mstari alikuwa mama, kwa sababu alisikiliza somo kwa maisha yake, na mimi nilisikiliza tafakari kwa haraka yangu.

Ziwa la Genesareti lenyewe, ile "bahari" ya Galilaya, ni kama kilomita za mraba 166. Nam Lolwe yetu, yaani Ziwa Viktoria, ni zaidi ya 68,000. Mungu ametuweka kwenye ziwa kubwa kuliko la Petro mara mia nne, na tunakwenda kuazima theluji! Tuna magugu maji yanayofunga njia ya mitumbwi, tuna mafuriko ya Nyando, tuna mashamba ya mpunga ya Ahero. Kwa nini tuwape watu mfano ambao lazima kwanza tuwafafanulie?

Naomba nisieleweke vibaya. Aliyeandika ile tafakari hakukosea. Aliandikia watu wake, na theluji kwao ni jambo la kila mwaka. Aliyekosea ni mimi, niliyechukua chakula kilichopikwa kwa ajili ya nyumba nyingine nikakipakua bila hata kuonja.

Papa Fransisko aliliandika wazi mwaka 2013 katika Evangelii Gaudium, wosia wake juu ya furaha ya Injili. Alisema mhubiri asiyejiandaa si mtu wa kiroho. Si mwaminifu, na hawajibiki kwa karama alizopewa. Ni maneno makali, hasa kwetu tuliozoea kusema "Roho ataniongoza hapo hapo." Anasema pia kwamba anayetaka kuhubiri lazima kwanza akubali kuguswa na Neno lenyewe. Kwanza. Na mwezi Juni mwaka 2024, kwenye katekesi yake ya Jumatano, aliwaambia wahubiri wasipite dakika 8. Mimi nilitumia 25, na zote za theluji.

Basi tujiandae vipi? Nitawaambia ninavyofanya sasa, mtachukua kinachowafaa. Nina daftari, lile la kurasa 96 la watoto wa shule. Jumapili jioni, kabla usingizi haujanishika, nasoma masomo ya Jumapili inayofuata. Kwa sauti. Sisomi zaidi ya hapo, wala sifungui simu. Jumatatu na Jumanne nasoma tena, mara kwa Union Version, mara kwa Habari Njema, na Muma Maler, Biblia ya Dholuo, kwa sababu neno lililolala katika lugha moja mara nyingi huamka katika nyingine. Naandika maswali tu. Sijibu. Kwa nini alisema hivi? Huyu alikwenda wapi? Mbona mtu huyu hakutajwa jina? Jumatano ndipo namkaribisha Filipo. Nasoma tafakari mbili, tatu, na kitabu cha ufafanuzi nikikipata, nikitafuta maswali yangu yamejibiwa vipi. Ijumaa naandika ukurasa mmoja, kwa maneno yangu. Na nikichukua wazo la mtu nasema ni la mtu, "kuna mwandishi mmoja amesema." Waumini hawatakudharau kwa hilo. Jumamosi nafuta nusu ya nilichoandika, na hiyo ndiyo siku ngumu kuliko zote.

Siku hizi hata programu ya simu inaweza kukuandikia mahubiri kabla maji ya chai hayajachemka. Swali langu kwake ni lilelile: ulimkuta nani akisoma? Kama hakuna aliyekuwa akisoma, umepanda gari tupu.

Nimesema "kwa sauti." Nisimame hapo kidogo, maana ni jambo ninalolipenda sana. Zaburi ya 1 inasema mwenye heri "sheria yake huitafakari mchana na usiku." Sisi tukisikia kutafakari tunafikiria mtu aliyenyamaza, ameshika kidevu. Lakini neno la Kiebrania lililo pale ni hagah, nalo ni neno la koo na mdomo. Isaya 31 analitumia kwa simba anayenguruma juu ya windo lake. Isaya 38 analitumia kwa njiwa anayelia. Na Yoshua 1:8 inasema kitabu cha torati "kisiondoke kinywani mwako, bali yatafakari maneno yake." Kinywani! Ndiyo sababu Filipo alimsikia towashi. Alikuwa akisoma kwa sauti. Wafugaji wa Kano mnamjua ng'ombe aliyelala kivulini saa nane mchana, taya linakwenda huku na huku, majani aliyoyala asubuhi ndiyo kwanza anayala. Kutafakari Neno ni kucheua namna hiyo. Chukua mstari mmoja asubuhi, useme ukifagia, useme ukichota maji, useme ukiwa nyuma ya bodaboda. Ikifika jioni, mstari huo unakujua.

Hapa niongee na makatekista peke yao, wengine mtanivumilia. Tuko katika hatari ambayo waumini wetu hawanayo. Tunaweza kusoma Biblia kila siku tukitafuta cha kuwaambia watu, tusisikie hata siku moja tunachoambiwa sisi. Mpishi wa shule anasonga ugali wa wanafunzi mia nne na kurudi nyumbani na njaa. Nimekuwa mpishi huyo. Nilijua kisa kipi kinafaa harusi, kipi kinafaa matanga, kipi kinafaa siku ya mavuno. Mimi mwenyewe nilikuwa nala saa ngapi?

Kisha akafariki kaka yangu mkubwa.

Ilikuwa majuma machache baada ya Pasaka, na katika Kwaresima ile tulikuwa tumesoma Yohana 11, habari ya Lazaro, kama ilivyo katika Mwaka A. Safari hiyo nilikuwa nimeanza kazi ya daftari. Niliandika swali moja tu, likanikaa wiki nzima bila jibu: Martha anamwambia Yesu, "Bwana, kama ungalikuwapo hapa, ndugu yangu hangalikufa." Huo ni mstari wa 21. Mariamu naye anakuja, mstari wa 32, anasema jambo lilelile. Dada wawili, lalamiko moja. Lakini Yesu hawajibu sawa. Martha anapewa mafundisho: "Mimi ndimi huo ufufuo, na uzima." Mariamu hapewi hata sentensi moja ya mafundisho. Yesu anauliza tu, mmemweka wapi? Halafu Yesu akalia machozi. Niliandika kwenye daftari, "Kwa nini?" nikapiga mstari chini yake.

Usiku wa matanga, hema limejaa, jenereta linanguruma nyuma ya jiko, watu wakasema mwalimu atuongoze kwa Neno. Ni kaka yangu aliye ndani ya jeneza, lakini mwalimu ni mwalimu. Simu yangu ilikuwa na tafakari za mazishi zaidi ya thelathini, nimezihifadhi kwa utaratibu. Niliitoa mfukoni, nikaiangalia, nikairudisha. Sikuweza kusoma hata moja. Kisha shemeji yangu, mjane wake, akainua macho, akasema mbele ya watu wote, "Kama Mungu angekuwa hapa, huyu angekuwa hai."

Mnasikia alichosema? Hakuwa amesoma Yohana 11 usiku ule. Lilimtoka tu.

Na swali la kwenye daftari likanijia. Nilijua nina majibu mawili, yote mawili ya Bwana, na nikajua ni lipi la usiku ule. Sikumfundisha. Nilikwenda nikaketi chini kando yake, nikamshika mkono, nikalia. Mwalimu wa dini, mbele ya kigango kizima. Baada ya muda nikasoma mstari mmoja tu, "Yesu akalia machozi," nikanyamaza, na wimbo ukaanzishwa na akina mama. Ufufuo niliuhubiri siku ya arobaini, na siku hiyo shemeji yangu ndiye aliyeniomba nisome mstari wa 25.

Ningelipata wapi hilo kwenye simu, saa sita usiku? Nililipata kwa sababu lilikuwa limekwisha kukaa ndani wiki nyingi kabla, wakati sikuwa na mazishi ya kuhubiri, wakati nilikuwa nakula chakula changu mwenyewe.

Kuhusu jumuiya nitasema kwa ufupi, kwa sababu mnaijua kazi. Zile hatua saba za kushirikishana Injili tulizozipata kutoka taasisi ya Lumko, Afrika Kusini, zimeweka Neno mahali pake: tunamkaribisha Bwana, tunasoma, tunarudia maneno yaliyotugusa mara tatu, tunanyamaza, ndipo tunashirikishana. Mbona hatua ya tatu na ya nne tunaziruka? Tunasoma, halafu kiongozi anatoa karatasi ya tafakari anatusomea, tunakwenda kwenye mchango. Ukimya wa dakika tatu unatutisha nini? Yule mama wa omena alikuwa na mstari wa 2 kifuani siku nyingi. Hakuna aliyempa nafasi ya kuusema, mpaka akanifuata nje ya kanisa. Viongozi, wapeni watu nafasi ya kusema neno moja wenyewe kabla nyinyi hamjasema mia. Katika kila jumuiya yupo mtu ambaye ameosha wavu.

Mtakatifu Yeronimo, aliyeipa Kanisa la Magharibi Biblia ya Kilatini na kufariki mwaka 420, alisema kutojua Maandiko ni kutomjua Kristo. Papa Fransisko alichagua sikukuu yake, tarehe 30 Septemba mwaka 2019, kutangaza Jumapili ya Neno la Mungu, ambayo sasa tunaiadhimisha kila mwaka Jumapili ya 3 ya kipindi cha kawaida cha Kanisa. Mwakani ikifika, nawaombeni tusibebe Biblia kwa maandamano na ngoma tu. Tuifungue.

Nimesema vya kutosha. Zimeni simu, au zigeuzeni kifudifudi. Mama, wewe wa kitambaa cha bluu, naona una Muma Maler mapajani. Tufungulie Matendo sura ya 8, kuanzia mstari wa 26. Kijana wa pale mlangoni atafuata kwa Kiswahili. Someni polepole, kwa sauti, ili wa nyuma wasikie. Sisi wengine tutanyamaza.